Uhalisi wa Visukuku vya Dinosauri na Wajibu wa Mkusanyaji wa Ridhaa: Mafunzo kutoka Tendaguru, Lindi

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna mkusanyaji wa ridhaa, yaani mtu anayekusanya visukuku kwa mapenzi yake bila kuwa amesomea taaluma hiyo, anavyoweza kutambua kisukuku cha dinosauri na kuthibitisha uhalisi wake. Hoja kuu ni kwamba uhalisi haumo ndani ya mfupa pekee. Hujengwa na mambo matatu yanayotegemeana: mfupa wenyewe, mahali ulipotoka, na kumbukumbu inayoviunganisha viwili hivyo. Hoja hiyo inatetewa kwa kulinganisha vielelezo viwili vilivyoundwa kwa mifupa ya wanyama zaidi ya mmoja: kiunzi cha Giraffatitan kutoka Tendaguru, kinachotumiwa na watafiti hadi leo, na kielelezo kilichoitwa Archaeoraptor, kilichobainika kuwa cha udanganyifu. Makala yanahitimisha kwamba mchango mkubwa wa mkusanyaji wa ridhaa ni kuhifadhi taarifa ambazo mtaalamu hawezi kuzipata tena mfupa ukishang'olewa mahali pake.

Maneno muhimu: kisukuku, dinosauri, uhalisi, chimbuko, mkusanyaji wa ridhaa, Tendaguru

1.0 Utangulizi

Mwaka 1677 Robert Plot, mwanazuoni wa Oxford nchini Uingereza, alichapisha mchoro wa ncha ya chini ya mfupa mkubwa wa paja. Alitambua kwa usahihi kuwa kitu kile ni mfupa na kwamba ni wa paja, kisha akajiuliza ni wa kiumbe gani. Alifikiria tembo, akaiacha dhana hiyo, na mwishowe akaamua kuwa ni wa binadamu wa kimo kikubwa mno. Mfupa huo ulipotea baadaye. Kilichobaki ni mchoro na maelezo, na kwa kutumia hivyo wataalamu wa vizazi vilivyofuata waliona kuwa yaelekea ulikuwa wa Megalosaurus au dinosauri wa jamii yake. Jina lenyewe la kundi hilo la wanyama halikuwepo hadi Richard Owen alipolibuni mwaka 1842.

Kisa hiki kinaibua maswali matatu ambayo kila mwenye kuokota au kununua kisukuku hukabiliana nayo. Je, kitu hiki ni mfupa? Kama ni mfupa, ni wa mnyama gani? Na je, yanayosemwa juu yake yanaweza kuhakikiwa na mtu mwingine? Plot alijibu swali la kwanza vizuri na la pili vibaya. Hata hivyo, kwa kuwa aliacha kumbukumbu nzuri, kosa lake liliweza kusahihishwa hata baada ya mfupa kutoweka.

Historia ya taaluma ya visukuku haiwezi kuandikwa bila watu wa ridhaa. Mwaka 1983 William Walker, fundi bomba aliyependa kutafuta visukuku, aliokota kucha kubwa iliyovunjika vipande katika chimbo la udongo huko Surrey, Uingereza. Ugunduzi huo ulifikishwa katika makumbusho ya historia ya asili ya London, wataalamu wakaenda kuchimba mahali palepale, na mwaka 1986 Alan Charig na Angela Milner wakamtangaza dinosauri mpya, Baryonyx walkeri, aliyepewa jina la mgunduzi wake. Kilichofanya kucha ile iwe na thamani kwa sayansi ni kwamba Walker aliweza kuwaonyesha wataalamu mahali alipoiokota.

Kwa upande mwingine, biashara ya kimataifa ya visukuku imezaa vitu bandia, vitu vilivyorekebishwa kwa siri na vitu halisi vilivyotolewa nchini mwao kinyume cha sheria. Makala haya yanaeleza hatua za utambuzi na uthibitishaji, kisha yanajadili kwa nini hatua hizo hazikamiliki bila kumbukumbu ya chimbuko.

2.0 Dhana ya Uhalisi

Katika mazungumzo ya kawaida, kisukuku "halisi" ni kile ambacho si cha kuigizwa. Maana hiyo ni finyu. Makala haya yanatofautisha viwango vinne vya uhalisi. Kiwango cha kwanza ni uhalisi wa kimaumbile: kitu kiwe kweli ni masalia ya kiumbe kilichoishi. Cha pili ni uhalisi wa utambulisho: jina lililopewa kitu hicho liendane na sifa zinazoonekana. Cha tatu ni uhalisi wa umoja: sehemu zilizounganishwa ziwe zilitoka kwa mnyama mmoja, au kama sivyo, jambo hilo liwe limetajwa bayana. Cha nne ni uhalisi wa chimbuko: mahali, tabaka la mwamba na njia ambayo kitu kilipitia hadi kumfikia mmiliki viwe vinajulikana.

Kitu kinaweza kufaulu katika kiwango kimoja na kuanguka katika kingine. Jino halisi la mamba wa kale linalouzwa kwa jina la dinosauri limefaulu katika kiwango cha kwanza na kuanguka katika cha pili. Kiunzi cha mifupa halisi kilichovushwa mpaka kwa nyaraka za uongo kimeanguka katika cha nne. Mkusanyaji anayeuliza tu kama kitu ni halisi au bandia huviacha viwango vitatu bila kuvigusa.

3.0 Utambuzi wa Kisukuku

3.1 Kutofautisha mfupa na jiwe

Kosa linalowapata wanaoanza ni kuongozwa na umbo la nje. Madonge ya mawe yaliyojengeka ndani ya mashapo huweza kufanana na yai, fundo la mfupa au hata fuvu. Vitu vingi vinavyodhaniwa kuwa mayai ya dinosauri ni madonge ya aina hiyo. Yai halisi huwa na ganda jembamba linaloonekana kama tabaka tofauti na mwamba uliojaa ndani yake, na ganda hilo likitazamwa kwa lenzi huonyesha vitundu au vinundu. Donge la mawe halina ganda la namna hiyo.

Ushahidi wa mfupa hutafutwa pale ulipovunjika. Mfupa huwa na sehemu ya nje iliyoshikamana na sehemu ya ndani yenye vitundu vingi mithili ya sponji. Katika mifupa mirefu ya wanyama wengi huonekana pia uwazi uliokuwa na uboho, ambao pengine umejaa madini au mchanga. Jiwe la kawaida huwa na chembe zinazofanana kutoka nje hadi ndani, au matabaka yanayozungukana kama maganda ya kitunguu. Mti uliogeuka jiwe huonyesha nyuzi zinazofuata mwelekeo mmoja na wakati mwingine miviringo ya ukuaji.

Rangi na uzito ni viashiria dhaifu. Rangi hutokana na madini yaliyoingia mfupani na haielezi umri. Visukuku vingi ni vizito kuliko mifupa ya kawaida ya ukubwa uleule kwa sababu vitundu vyake vimejazwa madini, lakini kiwango cha kujazwa hutofautiana kati ya eneo na eneo. Wapo wanaogusisha kipande kwenye ulimi, kwa kuwa mfupa wenye vitundu hunata. Jaribio hilo halitoshi kuwa ushahidi, kwani hata baadhi ya mawe ya udongo wa mfinyanzi hunata vivyo hivyo, na kiafya si la kupendekezwa.

3.2 Kutumia umri wa miamba

Kabla ya kuchunguza mfupa kwa undani, mkusanyaji anapaswa kujua umri wa mwamba ulipopatikana. Ukiwaacha ndege, ambao ni uzao wao, dinosauri waliishi kati ya takribani miaka milioni 230 na milioni 66 iliyopita. Masalia yao hupatikana katika miamba ya mashapo ya kipindi hicho, hususani ile iliyotokana na mchanga na tope la mito, maziwa na mwambao wa bahari.

Tanzania inatoa mfano mzuri wa kigezo hiki. Hans Reck, aliyeongoza uchimbaji wa mwisho wa Wajerumani huko Tendaguru mwaka 1912, alifanya kazi Olduvai mwaka 1913. Maeneo yote mawili yalimpa mifupa mikubwa iliyogeuka visukuku. Hata hivyo, miamba ya Tendaguru yenye dinosauri ina umri wa takribani miaka milioni 150, ilhali matabaka ya chini kabisa ya Olduvai yana umri wa takribani miaka milioni mbili. Mfupa mkubwa uliotoka katika matabaka ya Olduvai unaweza kuwa wa tembo, kiboko au twiga wa kale; hauwezi kuwa wa dinosauri, hata uwe mkubwa kiasi gani. Ramani ya jiolojia inayoonyesha umri wa miamba huondoa dhana nyingi potofu kabla lenzi haijatolewa mfukoni.

3.3 Kutofautisha dinosauri na wanyama wengine

Si kila mnyama wa kale mwenye umbo la kutisha ni dinosauri. Watambaazi warukao na watambaazi wa baharini walioishi zama zilezile ni wa makundi mengine. Baadhi ya sifa za dinosauri huonekana kwenye nyonga na paja: tundu la nyonga hupenya kutoka upande mmoja hadi wa pili, na kichwa cha mfupa wa paja hugeukia ndani, hivyo miguu ilisimama wima chini ya mwili. Kwa bahati mbaya, mkusanyaji hukutana zaidi na meno na vipande vya mifupa kuliko nyonga nzima, kwa hiyo hulazimika kutumia ushahidi mdogo.

Meno yanayochimbwa kusini mashariki mwa Moroko na kuuzwa duniani kote yanaonyesha ugumu huo. Jino la Spinosaurus lina umbo la pia na halina kingo zenye msumeno ulio wazi. Kwa hiyo huweza kuchanganywa na jino la mamba aliyeishi katika mito ileile. Jino la Carcharodontosaurus ni bapa, lina kingo zenye msumeno mwembamba, na mara nyingi lina mikunjo karibu na kingo hizo. Mkusanyaji anayejua tofauti hizi anaweza kufikia kiwango cha kundi. Kufikia kiwango cha spishi kwa kutumia jino moja lisilo na taarifa za tabaka ni kudai zaidi ya ushahidi uliopo.

Wataalamu wenyewe huzingatia mpaka huo. Asilisaurus kongwe, aliyetangazwa mwaka 2010 kutoka matabaka ya Manda kusini mwa Tanzania, alielezwa kuwa ndugu wa karibu wa dinosauri na si dinosauri kamili. Nyasasaurus parringtoni, ambaye mifupa yake ilikusanywa katika miaka ya 1930 na kutangazwa rasmi mwaka 2013, alielezwa kuwa ama dinosauri wa kale kuliko wote wanaojulikana ama ndugu wa karibu sana wa kundi hilo. Waandishi wake waliliacha swali wazi kwa kuwa mifupa iliyopo haikuruhusu kulifunga. Mkusanyaji anayeandika "mfupa wa mnyama mkubwa, huenda ni dinosauri" anafuata nidhamu hiyohiyo.

4.0 Uthibitishaji

4.1 Vitu vya kuigizwa

Nakala za visukuku hutengenezwa kwa plasta au rezini iliyomiminwa kwenye kalibu. Nakala si kosa. Makumbusho huzitumia kwa elimu na maonyesho. Kosa ni kuziuza kana kwamba ni mifupa. Dalili zake ni vijitundu vya hewa vilivyonaswa katika umajimaji kabla haujakauka, mstari wa maungio ya kalibu, rangi iliyopakwa juu tu na isiyoingia kwenye mipasuko, na kasoro ileile inayojirudia katika vipande viwili au zaidi. Asili haitoi mifupa miwili yenye ufa uleule mahali palepale.

Kwa kuwa sehemu ya nje ya mfupa huweza kuigizwa kwa ustadi mkubwa, uchunguzi hurudi kwenye muundo wa ndani. Pale penye mvunjiko, mfupa huonyesha vitundu vyenye mpangilio; rezini huonyesha kitu kimoja kisicho na mpangilio.

4.2 Vitu vilivyorekebishwa na vilivyounganishwa

Kundi gumu zaidi ni la visukuku halisi vilivyoongezewa. Mchanga huchanganywa na gundi ili kuziba maungio, jino la mnyama mmoja hupachikwa kwenye taya la mwingine, na plasta hutumiwa kurefusha kilichovunjika. Mwanga wa urujuanimno husaidia hapa, kwa sababu gundi, plasta na rangi mara nyingi hung'aa tofauti na mfupa na mwamba wa asili. Asetoni huweza kulainisha gundi za aina fulani, ila jaribio hilo huweza kudhuru kielelezo na linapaswa kuachwa mikononi mwa mtaalamu. Njia yenye nguvu zaidi ni picha za eksirei za tabaka kwa tabaka, ambazo huonyesha ndani ya mwamba bila kuuvunja.

Visa viwili vinaonyesha uzito wa suala hili. Fuvu la Irritator challengeri, lililotoka Brazili, lilikuwa limerefushwa pua kwa plasta na wafanyabiashara kabla ya kuwafikia watafiti. Jina lake la kisayansi, lililotolewa mwaka 1996, linatokana na udhia walioupata watafiti hao walipogundua urefushaji huo. Fuvu lilikuwa halisi na dinosauri alikuwa mpya. Mikono ya wauzaji ndiyo iliyoharibu ushahidi.

Kisa cha pili ni cha kielelezo kutoka Liaoning, China, kilichonunuliwa kwa dola 80,000 katika maonyesho ya kibiashara huko Tucson, Marekani, na kutangazwa na jarida la National Geographic mwaka 1999 kwa jina la Archaeoraptor kama kiungo kati ya dinosauri na ndege. Picha za eksirei zilizopigwa katika Chuo Kikuu cha Texas zilionyesha kuwa bamba lile limeundwa kwa vipande vingi visivyoungana kiasili. Mtafiti Xu Xing alikuta nchini China bamba la upande wa pili la mkia uleule, likiwa limeshikamana na mwili wa mnyama mwingine kabisa. Ilibainika kuwa sehemu ya mbele ilikuwa ya ndege wa kale, Yanornis, na mkia ulikuwa wa dinosauri mdogo, Microraptor. Vipande vyote vilikuwa visukuku halisi. Kilichokuwa cha uongo ni umoja wao.

5.0 Tendaguru: Pale Muunganiko Unapoaminika

Kama kuunganisha mifupa ya wanyama mbalimbali ndiyo udanganyifu wenyewe, basi kiunzi mashuhuri zaidi kilichotoka Tanzania kingepaswa kutiliwa shaka. Kilima cha Tendaguru kiko kaskazini magharibi mwa mji wa Lindi. Mwaka 1906 Bernhard Wilhelm Sattler, mhandisi wa madini ambaye hakuwa mtaalamu wa visukuku, alitoa taarifa ya mifupa mikubwa iliyokuwa ikijitokeza ardhini katika eneo hilo. Mwaka 1907 Eberhard Fraas alifika kukagua, na kati ya 1909 na 1913 makumbusho ya Berlin yaliendesha msafara mkubwa wa uchimbaji, ukiongozwa kwanza na Werner Janensch na Edwin Hennig. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilibebwa kwa miguu na wapagazi hadi bandari ya Lindi, katika eneo lililokuwa ndiyo kwanza limetoka kwenye maafa ya Vita vya Maji Maji.

Kiunzi kilichosimamishwa Berlin mwaka 1937, chenye kimo cha zaidi ya meta 13 kwa mkao wake wa sasa, hakikutokana na mnyama mmoja. Msingi wake ni mifupa iliyopewa alama S II, nayo ilijaliziwa kwa mifupa ya wanyama wengine wa ukubwa unaokaribiana na kwa sehemu zilizofinyangwa. Wahenga walisema, "Usione vyaelea, vimeundwa," na kiunzi hiki kimeundwa kweli. Kwa nini basi hakiitwi cha udanganyifu?

Jibu liko kwenye alama yenyewe. Machimbo ya Tendaguru yalipewa herufi, na mifupa iliyotoka humo ikapewa alama za machimbo hayo: S II ni mnyama wa pili wa chimbo S. Mtafiti anayekitazama kiunzi anaweza kujua mfupa upi ulitoka wapi, upi ni wa S II, upi ni wa mnyama mwingine na upi ni wa kufinyangwa. Janensch alimtangaza mnyama huyo mwaka 1914 kama spishi ya Brachiosaurus, jenasi iliyokwisha kutajwa huko Marekani mwaka 1903. Takribani karne moja baadaye, mwaka 2009, Michael Taylor alilinganisha upya mifupa ya pande mbili na kuonyesha tofauti nyingi zilizotosha kumweka mnyama wa Tendaguru katika jenasi yake, Giraffatitan. Mjadala huo uliwezekana kwa sababu mifupa ya mnyama mmoja iliweza kutengwa na nyongeza zake. Lau kumbukumbu za machimbo zisingekuwepo, hakuna ambaye angejua ni mifupa ipi ya kulinganisha.

Kwa hiyo tofauti kati ya kiunzi cha Berlin na bamba la Archaeoraptor haiko katika kuunganisha. Vyote viwili vimeunganishwa. Tofauti ni kwamba kimoja kinaeleza kilivyounganishwa na kingine kilificha. Hapo ndipo hoja ya makala haya ilipo: uhalisi wa kisukuku hupimwa kwa uwezo wa mtu mwingine kurudi nyuma, hatua kwa hatua, hadi mahali mfupa ulipolala.

Kumbukumbu hizo nazo zilikuwa na upungufu wa aina yake. Ziliihesabu mifupa kwa uangalifu kuliko zilivyowahesabu watu walioichimba. Boheti bin Amrani, msimamizi hodari wa kazi za uchimbaji na utayarishaji wa mifupa, ni miongoni mwa wachache ambao majina yao yalibaki. Mwaka 2007 spishi moja ya Tendaguru iliitwa Australodocus bohetii kwa heshima yake. Mamia ya wengine waliotoka katika jamii za eneo hilo hawakupata kutajwa. Chimbuko kamili la kisukuku lingepaswa kujumuisha jina la mtu aliyekiona kwanza, na hilo ni jambo ambalo mkusanyaji wa leo anaweza kulisahihisha bila gharama.

6.0 Chimbuko na Sheria

Kigezo cha chimbuko kina upande wa kisheria. Mwaka 2012 kiunzi cha Tarbosaurus kiliuzwa mnadani New York kwa zaidi ya dola milioni moja. Nyaraka za kukiingiza Marekani zilikuwa zimetaja Uingereza kuwa nchi kilikotoka. Wataalamu waliotazama mifupa hiyo walieleza kuwa ilitoka Mongolia, nchi ambayo visukuku vyake ni mali ya taifa. Serikali ya Marekani ilifungua shauri, na mwaka 2013 kiunzi kilirejeshwa Mongolia. Mifupa ilikuwa halisi. Uongo ulikuwa katika karatasi, nao ulitosha kubatilisha umiliki.

Nchini Tanzania, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, pamoja na marekebisho yake ya mwaka 1979, inadhibiti uchimbaji wa mabaki ya kale na usafirishaji wake nje ya nchi kwa masharti ya vibali. Katika ngazi ya kimataifa, Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 umevitaja vitu vyenye umuhimu wa kipaleontolojia miongoni mwa mali za kitamaduni zinazolindwa dhidi ya biashara haramu. Kwa mkusanyaji wa ridhaa, maana yake ni kwamba neno "mkusanyaji" lina mipaka tofauti katika kila nchi. Kinachoruhusiwa kwenye shamba la mtu binafsi huko Marekani, kwa idhini ya mwenye shamba, hakiruhusiwi Lindi wala Songwe bila kibali. Katika mazingira ya Tanzania, nafasi ya mtu wa ridhaa ni ya mtambuzi na mtoa taarifa zaidi kuliko ya mmiliki.

7.0 Wajibu wa Mkusanyaji wa Ridhaa

Kutokana na uchambuzi huu, wajibu wa mkusanyaji unaweza kupangwa katika hatua tano. Kwanza, kuuacha mfupa mahali pake unapoonekana umeshikamana na mwamba. Mfupa ulioporomoka na kuokotwa korongoni na mfupa uliong'olewa kwenye tabaka ni ushahidi wa viwango tofauti, na tofauti hiyo inapaswa kuandikwa.

Pili, kupiga picha kabla ya kugusa chochote, rula au kitu kingine chenye kipimo kinachojulikana kikiwa pembeni: picha moja ya karibu, moja ya mfupa na tabaka lake, na moja ya mandhari yote. Tatu, kuandika mahali kwa vipimo vya GPS ambavyo simu nyingi huvitoa, pamoja na jina la korongo, mto au kitongoji jinsi wenyeji wanavyokiita. Majina hayo hudumu. Mnyamawamtuka moyowamkia, dinosauri aliyetangazwa mwaka 2019 kutoka kusini magharibi mwa Tanzania, amebeba katika jina lake mto wa Mtuka alikopatikana, na pia umbo la moyo linaloonekana kwenye pingili za mkia wake.

Nne, kutaja vitu vilivyoandamana na mfupa. Huko Tendaguru matabaka yenye dinosauri yamepishana na matabaka ya mchanga wa bahari yenye makombe, na makombe hayo yamesaidia kupanga umri wa mifupa. Anayechukua mfupa na kuyaacha makombe bila hata kuyataja ameondoka na nusu ya ushahidi. Tano, kupeleka taarifa kwa mamlaka na wataalamu: ofisi ya serikali ya eneo husika, mamlaka ya mambo ya kale, makumbusho ya taifa au idara ya jiolojia ya chuo kikuu.

Pale ambapo sheria inaruhusu kununua au kumiliki, mkusanyaji anapaswa kudai taarifa hizohizo kutoka kwa muuzaji, pamoja na maelezo ya kila sehemu iliyogundishwa, iliyojazwa au iliyofinyangwa. Muuzaji anayesema "Afrika Kaskazini" bila kutaja eneo, au anayekana ukarabati wowote kwenye mfupa mkubwa usio na ufa, amekwisha kutoa jibu. Na mkusanyaji anayekarabati kisukuku chake mwenyewe ana wajibu wa kuandika gundi aliyotumia na mahali alipoitumia, ili asije akawa chanzo cha shaka kwa atakayerithi.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba utambuzi wa kisukuku cha dinosauri huanza kwa kusoma muundo wa mfupa na umri wa mwamba, huendelea kwa kulinganisha sifa za mnyama, na hukoma pale ushahidi unapokoma. Uthibitishaji huchunguza kama kitu kimeigizwa, kimerekebishwa au kimeunganishwa. Hata hivyo, mfano wa Tendaguru umeonyesha kuwa kuunganisha kwenyewe si udanganyifu, na kisa cha Tarbosaurus kimeonyesha kuwa mifupa halisi yaweza kuwa na chimbuko la uongo. Kigezo kinachopita vyote ni kumbukumbu inayoweza kuhakikiwa.

Matokeo hayo yana maana kwa sera ya urithi nchini. Mifupa ya Tendaguru, Songwe na Ruhuhu huibuliwa na mmomonyoko kila msimu wa mvua, na wa kwanza kuiona ni wakulima, wafugaji na wanafunzi wa maeneo hayo. Mtaalamu hufika baadaye, pengine baada ya mfupa kuvunjika au kuhamishwa. Mafunzo mafupi ya kupiga picha, kutaja mahali na kutoa taarifa, yakitolewa kwa Kiswahili katika shule na vijiji vilivyo karibu na miamba hiyo, yangeongeza ushahidi unaoifikia sayansi bila kumtaka mtu yeyote achimbe. Mfupa ukishapotezewa mahali pake, hakuna maabara inayoweza kuurudishia.